Barua ya wazi kwa kaka yangu: Rungwe si ya kupita mbio

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikia kwamba mwezi wa saba utaendesha gari kutoka Mbeya hadi Kyela, na kwamba umepanga kuimaliza safari kabla ya saa sita mchana. Lami ipo na jambo hilo linawezekana, lakini nakuomba sana uitengee siku nzima, kwa sababu nchi utakayoikuta baada ya Uyole imejengwa na volkano, na misitu yake mikongwe imeota juu ya majivu ya volkano hizo hizo.

Huko ndiko mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakokutana. Ardhi ilipopasuka ndipo ilipoinuka milima kama Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ambao ulilipuka kwa kishindo kikubwa takribani miaka 4,000 iliyopita. Ushahidi huna haja ya kuupandia mlimani: egesha gari mahali salama palipochongwa kilima kupisha barabara, utazame matabaka yaliyofunikwa na udongo mweusi, kisha uokote kipande kimoja. Ni jiwe, lakini ni jepesi ajabu, limejaa vitundu vilivyoachwa na gesi, na ukilisugua kwa vidole linapukutika.

Ukifika Isongole, tafadhali uiache lami uelekee Ziwa Ngozi. Utapanda kwa miguu ndani ya msitu wa mianzi, kangaga na miti mirefu iliyovikwa kuvumwani, njia ikiwa na utelezi hata wakati wa kiangazi, hadi ukingoni, ambapo miti inaachia ghafla na ziwa linaonekana mbali chini, ndani ya shimo lililobaki kilele cha volkano kilipodidimia. Hakuna mto unaotoka humo. Kwangu mimi, hakuna mandhari inayolishinda hilo katika nyanda zote za kusini.

Katika misitu ya Mlima Rungwe, ng'ambo ya pili ya barabara, anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu, ilhali wenyeji walikuwa wakimsimulia tangu zamani. Haishi nje ya Tanzania. Usitarajie kumwona, kwani hukaa juu kabisa ya miti.

Daraja la Mungu, ambapo Mto Kiwira unapita chini ya tao la mwamba wa volkano, halitakuchukua muda mrefu. Ngozi ndiyo ianze, pamoja na mwongozaji wa pale pale, kwa maana ukungu ukitanda mchana ziwa halionekani tena.

Wako mdogo wako.