Shoga, mwambie mama akate simu

Mbagala Rangi Tatu
Jumapili usiku

Shoga yangu Tausi,

Mambo vipi, za Mjimwema? Mi mzima, kibanda changu cha uwakala wa hela za simu kinaenda, joto tu ndo linatumaliza. Voisi noti yako nimeisikiliza mara mbili, ile ya mama kupigiwa na mtu anajiita wa huduma kwa wateja, imenikaa moyoni nkasema hii siijibu kwa meseji fupi, ngoja nifunge hesabu za leo nikuandikie vizuri.

Kwanza usimgombeze. Wale wanaongea kwa adabu, shikamoo mama nyingi, jina lake wanalo, sasa mtu mzima angejuaje?

Nikusimulie nilichokiona hapa dirishani kwangu. Siku moja mvua inanyesha akaja mzee, baraghashia imelowa, simu kaibana kwa bega, kiganjani kaandika namba kwa peni ya bluu na wino umeanza kutiririka. Hata salamu hakuna, ananionyesha kiganja na noti, laki na themanini. Namuuliza baba unamtumia nani, ananinong'oneza eti wamesema asikate, mjukuu kaanguka shuleni yuko hospitali wanasubiri hela ya vipimo. Mkono unatetemeka mpaka zile noti zinatetemeka. Nkamwambia baba kata simu. Hataki. Nkamwambia mi situmi mpaka ukate, na kama mtoto anaumwa kweli hela nakupa mimi. Akakata. Tukampigia mama wa mtoto, mtoto yuko nyumbani anakula ubuyu, siku hiyo hata shule hakwenda! Mzee akakaa kwenye kreti la soda hasemi kitu, na ile simu inaita, inakata, inaita tena.

Yaani toka siku ile nimeelewa, kitu wanachokitaka kuliko vyote ni usikate, maana ukishakata unampigia mwenyewe mhusika kwa namba uliyonayo wewe na uongo wao umeishia hapo. Kwa hiyo mama mfundishe hilo kabla ya yote, akate, hata kama anaona ni kukosa adabu. Mwenye shida ya kweli atapiga tena na hatakasirika.

Sasa huyo wa huduma kwa wateja. Namba ya huduma kwa wateja ni 100, mitandao yote, kwa hiyo akiona namba ndefu ya kawaida inajiita kampuni ya simu, huyo ni tapeli. Na namba ya siri haiombwi na yeyote, wala mimi wakala siombi. Halafu umesema alimbonyezesha nyota nyota ishirini na moja, hapo ndo nimeogopa, kwa sababu **21* ikifuatiwa na namba ya mtu inahamisha simu zote za mama ziende kwa huyo mtu. Leo leo kabla hajalala mwambie abonyeze ##002# apige, inafuta uhamisho wote. Usisubiri kesho shoga.

Na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani", unajua kwa nini inawapata watu hapa Dar? Kila mtu muda wote ana hela anataka kuituma, kodi, kikoba, mchango wa harusi, nauli ya mtoto, sasa wakituma kwa watu kibao lazima mmoja imkute ndo kashika simu anataka kulipa. Na lile jina wanakutajia makusudi, ili likitokea kabla hujaweka namba ya siri usishtuke kwamba sio la mwenye nyumba wako.

Anayesema kakosea kutuma, anaomba umrudishie, mama asiiamini meseji, aangalie salio lake mwenyewe kwenye menyu. Kama hela imeingia kweli bado asirudishe kwa mkono wake, amwambie huyo aliyetuma apige 100 kampuni iirudishe.

Namba za nje zinazobipu mara moja asipige, salio linaliwa tu.

Kingine, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Kuna vijana wa kusajili laini barabarani wanasema "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe hicho cha pili kinasajili laini nyingine, halafu inaenda kutapelia watu kwa jina la mama yetu. Akikuta asiyoijua aende duka la mtandao husika na kitambulisho ifungwe.

Hizo meseji za kitapeli usifute tu, zitume kwenda 15040, watakujibu wakuombe namba ya aliyetuma nayo unawatumia, ni kazi ya dakika moja na namba inaweza kufungiwa. Mi hapa kila mteja akinionyesha meseji ya hivyo namfanyia palepale, foleni hata iwe ndefu wanisubiri.

Jumamosi nafunga mapema nakuja, nitapitia Kongowe. Mwambie mama simu aiweke chaji, tutakaa naye tuzisevu namba za watoto wote na za shule ya wajukuu kwa majina, herufi kubwa aone bila miwani. Mi nakuja na samaki, wewe pika wali wa nazi.

Ukishafanya ile ##002# nitumie meseji, hata iwe saa sita usiku, silali mpaka uniambie.

Wako,
Salma