Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaohesabu Biblia

Wanangu wapendwa, viongozi wa vikundi vya kujisomea Biblia, Bwana Yesu asifiwe.

Nimefundisha hesabu shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na uzee wa kanisa nimeutumikia karibu muda huo huo, kwa hiyo msinidhanie kuwa ni adui wa namba. Ninawaandikia kwa sababu ya yale niliyoyaona kwenye mkesha wenu wa mwezi uliopita, ambao mlinialika wenyewe nami nikakaa benchi la nyuma pamoja na kina mama. Mgeni wenu aliandika ubaoni 91:11, akafuta zile nukta mbili za katikati, akageuka na kutangaza kwamba Zaburi hiyo ya ulinzi, pale inaposema malaika wataagizwa kutulinda, imeficha sadaka ya shilingi 9,111, na kwamba mwenye imani kubwa aongeze sifuri mwishoni, iwe 91,110. Kwa kuwa sarafu ya shilingi moja haionekani tena sokoni, wenye simu waliambiwa watume kwa simu ili namba isivunjike. Binti mmoja wa kwaya, anayeuza vitumbua pale stendi, hakuwa na salio. Alifungua fundo la kanga, akahesabu noti zake mara mbili, akapiga goti mbele ya kapu na kutoa shilingi 92,000, chenji ikabaki humo humo. Ule ulikuwa mtaji wake wote. Hakuna hata mmoja wenu aliyesimama kuuliza swali. Nami sikusimama, na kosa hilo ninalibeba.

Sasa nisikilizeni. Namba za sura mnazoziona katika Biblia zenu hazikuandikwa na Daudi, wala Isaya, wala Paulo. Mgawanyo huo wa sura unatokana hasa na kazi ya Stephen Langton, mwalimu wa Paris aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Wanakili wa Kiyahudi walikuwa wametenganisha aya za Kiebrania tangu zamani, lakini namba za mistari tunazozitumia leo zilienezwa na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne, aliyezitia katika Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1551 na katika Biblia nzima ya Kifaransa mwaka 1553. Alitaka msomaji apate mahali pake upesi, kama vile mwenye duka anavyobandika namba kwenye rafu. Na hiyo Zaburi ya 91 yenyewe, katika Biblia ya Kigiriki na katika ile ya Kilatini ya kale, ni ya 90, kwa sababu huko Zaburi ya 9 na ya 10 zimeunganishwa kuwa moja. Maana yake Mwothodoksi wa Ugiriki, kwa ufunuo ule ule, angetoa shilingi 9,011. Je, malaika wa Athens wanalinda kwa bei nafuu?

Mtaniambia kuwa babu anafanya mzaha. Basi mkumbukeni Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, aliyehesabu siku 722,500 tangu kusulubiwa kwa Bwana hadi tarehe 21 Mei 2011, akaona kuwa ni 5 mara 10 mara 17, jawabu likizidishwa kwa lenyewe, akatangaza kuwa siku hiyo ndiyo ya hukumu. Hesabu yake ya kuzidisha ilikuwa sahihi kabisa. Ningempa alama zote. Watu waliacha kazi na kumaliza akiba zao, siku ikapita kama siku nyingine, akasogeza tarehe hadi Oktoba, nayo ikapita, na mwaka 2012 akakiri kwamba amekosea. Kuzidisha sawasawa hakukumsaidia, kwa sababu hakuna mwandishi wa Biblia aliyempa zile namba azizidishe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Maandiko yana hesabu za kweli, zilizopangwa kwa mikono ya watunzi wenyewe, nanyi mnazipita mkikimbilia za mpiga chapa. Fungueni habari ya gharika, Mwanzo 7 na 8, mwandike pembeni hesabu za siku kadiri zinavyojitokeza. Mtapata 7 za kungoja, 40 za mvua, 150 za maji kutawala, kisha 150 za maji kupungua, 40, halafu 7 za kungoja tena. Ni kama mtu anayepanda mnazi kwa vipandio na kushuka kwa vipandio vile vile. Huko kileleni, kati ya 150 na 150, mna maneno machache tu: Mungu akamkumbuka Nuhu. Nilipoligundua hili kwa kalamu yangu mwenyewe, nikiwa na vumbi la chaki bado kwenye vidole, nilikaa kimya hadi chai ikapoa. Mtunzi hakuificha habari. Aliiweka mahali ambapo sikio la msikilizaji lingefika na kutua.

Chukueni na Maombolezo. Herufi za Kiebrania ni 22; sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina mistari 22, kila mmoja ukianza na herufi yake kwa zamu, na sura ya tatu ina 66, mitatu kwa kila herufi. Washairi wetu wa Pwani waliotunga beti kwa kufuata alif, be, te wangeutambua ufundi huo mara moja. Mji wa Yerusalemu umechomwa, watoto wanakufa njaa, na mtu anayelia analia kwa utaratibu wa alfabeti, kama anayejizuia asizimie. Sura ya tano ina mistari 22 ile ile, lakini herufi hazifuati tena zamu. Someni kwa sauti, mwone kama hamtatulia hapo.

Na Yairo, yule mkuu wa sinagogi, je? Marko anaanza habari ya binti yake mgonjwa, anaikatiza njiani kwa habari ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, ambaye Bwana anamwita Binti, na anaporudi nyumbani kwa Yairo, mtoto akiisha kufufuka, ndipo anatuambia alikuwa na umri wa miaka 12. Mmoja alianza kuugua mwaka ule mwingine alipozaliwa. Hiyo ndiyo namba ya kuhubiri usiku kucha, wala haihitaji kapu.

Mengine nitayataja tu. Msihesabu maneno ya tafsiri ya Kiswahili na kudai siri ya Roho. Msitaje tarehe. Mkiambiwa vitabu 66 vya Biblia yetu ni muujiza, kumbukeni Wakatoliki wana 73. Mathayo anaposema vizazi 14 mara tatu katika ukoo wa Yesu, hesabuni majina, mwone kundi la tatu lina 13 msipomrudia mtu, na wafalme watatu wamerukwa baada ya Yoramu. Kisha jiulizeni kwa nini herufi za jina la Daudi kwa Kiebrania, ambako kila herufi hutumika pia kama namba, zinajumlika kuwa 14.

Siwalaumu ninyi peke yenu. Mmekulia katika mitaa ambayo kibanda cha kubeti kiko karibu kuliko maktaba, na kijana aliyetafuta namba ya bahati Jumamosi anaitafuta tena Jumapili. Sisi wazee tuliwapa mistari ya kukariri kwa zawadi za daftari, hatukukaa nanyi kusoma kitabu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa kwenye darasa la kipaimara. Njooni na kalamu na Biblia yenye jalada lolote. Tutaanza na gharika. Yule binti wa vitumbua tayari nimeongea naye, na siku hiyo tutamchangia mtaji arudi stendi. Kiasi cha kutoa sitakitaja.

Ni mimi, babu yenu wa benchi la nyuma.