Joho la Amiri na kilemba mlichonivua

Kwa Meneja Mkuu,
Duka la Mavazi ya Sherehe na Maigizo,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: MALALAMIKO KUHUSU MAVAZI YA AMIRI WA BAHARI NA NILIVYOTENDEWA DUKANI KWENU

Salamu kwako na kwa wafanyakazi wako, wale wenye adabu. Oda yangu mnaijua, risiti mnayo, na masharti yenu ya sampuli na ya kurejesha pesa mmeyabandika wenyewe ukutani nyuma ya kaunta, kwa hiyo sitawasomea. Naanza na jambo lililonifanya nishike kalamu.

Msimamizi wenu wa duka alinyoosha mkono, akanivua kilemba mbele ya wateja, akanipiga picha nywele zangu zikiwa wazi. Kisha picha hiyo mkaiweka kwenye ukurasa wenu wa matangazo. Hata kama joho lingetoka limeshonwa na malaika, hilo moja lingetosha kunifanya niandike.

Na joho halikushonwa na malaika.

Nilipoleta kazi hii sikuja mikono mitupu. Nilikuja na michoro, vipimo na vipande vya kitambaa, nikakaa na fundi wenu mzee, ambaye sina ugomvi naye hata kidogo, tukapitia kitu kimoja kimoja. Nilimweleza kwamba Amiri wangu, ambaye nilitaka kumwigiza kwenye tamasha la Nairobi, ni mtu wa kubuni. Mji wake wa pwani haumo kwenye ramani yoyote, jahazi zake zinasafiri kwenye bahari ambayo sijui iko wapi. Lakini nguo zake sikuziokota hewani. Nimezitoa Malindi ya mwaka 1498. Baharia mmoja wa Vasco da Gama aliyeandika habari za safari ile alimkuta mfalme wa Malindi amevaa joho la damaski lenye upindo wa atlasi (satini) ya kijani, na kilemba cha thamani kichwani, amekalia viti vya shaba vyenye mito, amefunikwa kwa mwavuli wa atlasi nyekundu. Pembeni mzee amemshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Na kulikuwa na siwa mbili, yaani baragumu za enzi, za pembe za ndovu, zimenakshiwa, urefu wa mtu mzima, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni.

Hayo yote nilimpa fundi wenu kwa maandishi. Nikaagiza joho la damaski lenye upindo wa kijani na tarizi ya zari kolani, kanzu nyeupe ya pamba ya kuvaa ndani, upanga mfupi wa mbao kwa kuwa tamasha la Nairobi haliruhusu chuma, ala ya rangi ya fedha, makubadhi ya ngozi, na siwa nyepesi ya sponji ngumu. Mwavuli niliuacha, mfuko haukuruhusu. Kilemba nilisema waziwazi: nitafunga mwenyewe, kitambaa ninacho nyumbani. Jumla shilingi 38,000, na mlizitaka zote kabla ya kushona. Nikatuma.

Mlichonipa ni hiki. Joho la poliesta inayong'aa, kitambaa ambacho ninyi wenyewe mnauzia mapazia. Zari haikutariziwa, imechapwa. Nilipopitisha kidole kolani, dhahabu ikabaki kwenye kidole. Bitana hamna. Kwapa la kulia limeachia kabla sijainua mkono juu ya bega, na Amiri asiyeweza kuinua mkono atawaamrishaje mabaharia wake sijui. Makubadhi ni plastiki iliyobanwa mistari ionekane kama imeshonwa kwa mkono. Upanga umegeuka jambia. Jambia ni zuri, babu zangu walilivaa, lakini hili mlilonipa ni la Kiomani, na Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu ya hapa Mombasa mwaka 1698, miaka 200 baada ya Malindi ninayoitaka mimi. Nilipouliza, kijana wenu wa kaunta akaniambia "zote si za Kiarabu tu?" Sikumjibu. Najibu hapa: hapana.

Siwa ndiyo imenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mmeitoboa mdomoni kama tarumbeta ya bendi ya polisi. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya shaba ya Lamu zote hupulizwa ubavuni, na mtoto yeyote wa shule aliyewahi kupelekwa makumbusho analijua hilo. (Siwa ya sponji hailii, najua. Lakini anayeishika anajua aiweke wapi mdomoni, na picha zitaonyesha.)

Halafu juu ya yote mkanitengenezea kilemba ambacho sikukiagiza: kofia iliyoshonwa tayari, jiwe jekundu la plastiki katikati ya paji, na unyoya wa tausi. Hicho ndicho chanzo cha yaliyonipata, na hapo lazima nirudi, maana kila nikijaribu kuendelea na habari za kitambaa mkono unanirudisha palepale.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, duka limejaa. Kulikuwa na familia iliyokuja kuchukua suti za harusi, baba, wana wake na wajomba, na vijana wengine wawili watatu waliokuwa wakisubiri zamu. Nilisimama mbele ya kioo kirefu. Nilikuwa nimevua mtandio na kufunga kilemba cha marehemu baba yangu, hariri ya rangi ya zabibu, nimekibana kwa pini juu ya sikio, namwonyesha fundi ncha inavyopaswa kuangukia bega la kushoto. Nywele zangu zote zilikuwa ndani. Msimamizi akaja, simu mkono mmoja, ile kofia ya tausi mkono wa pili. Akasema, "Dada, toa hilo tambara, vaa hii, tupige picha ya ukurasa." Nikamwambia kwa upole, na mashahidi wapo, "Kaka, haiwezekani, nywele zangu." Akacheka. "Kwani leo si mwanamume wewe? Si Amiri?" Watu wakacheka naye. Nikarudi nyuma hatua moja. Akavuta.

Pini ilinikwaruza paji la uso. Kilemba kikafunguka, kikaanguka sakafuni kwenye vumbi la chaki na vipande vya nyuzi, na yeye akakikanyaga ili anisogelee kwa picha. Nilikuwa bado nimejishika kichwa kwa mikono miwili aliposema "tabasamu basi". Aliyeinama kukiokota ni fundi mzee peke yake. Alikikung'uta, akanipa huku uso wake ameugeuzia ukutani asinitazame. Mtu mwenye mashine ya cherehani ana heshima kuliko mwenye beji ya usimamizi.

Unajua, Bwana Meneja, kwa watu wa pwani hii kumvua mtu kilemba hadharani ni nini. Kumfunua mwanamke nywele mbele ya wanaume wasiomhusu ni nini, sidhani kama nalazimika kukueleza wewe unayefanya biashara Mombasa.

Baadaye msimamizi akajitetea eti mwanamke hafungi kilemba, kwa hiyo alidhani ni mzaha. Amiri wangu ni mwanamke kwa sababu mimi ndiye niliyemuumba na ndivyo nilivyotaka. Na kama msimamizi wenu anatafuta historia, Unguja ilikuwa chini ya Malkia Fatuma wakati Ngome ya Yesu imezingirwa, na Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Hakuna aliyewauliza kama leo wao ni wanaume.

Na sampuli je? Hilo limenitoka, lilitangulia haya yote. Mliniletea kipande cha kola kilichotariziwa kwa mkono, zari ya kweli, nzito, mgongo wa mshono safi kama mbele yake. Nikakikubali na kutia sahihi. Kipande kile kilitoka wapi, na kwa nini joho halikutoka mahali hapohapo? Nilipopiga simu niliambiwa "fundi anamalizia". Fundi mwenyewe aliniambia siku ile kwamba joho hakuligusa, lilikuja kwenye gunia pamoja na mengine. Tafadhali msimfukuze kwa kusema kweli. Mkimfukuza nitajua, na nitaliongeza kwenye barua ijayo.

Tamasha lilipita. Nilikwenda na joho la kuazima la harusi ya binamu yangu, na kilemba cha baba.

Niliwaandikia kwa njia ya kawaida kwanza. Jibu lenu: "Mteja wetu mpendwa, tunathamini sana maoni yako, wewe ni sehemu ya familia yetu. Tafadhali pokea punguzo la asilimia 10 kwa oda yako ijayo." Kilemba cha ukoka hicho, na mmenivisha baada ya kunivua cha hariri. Neno moja kuhusu picha hamkuandika. Picha ilikuwa bado ipo, na chini yake watu wasionijua wanaandika wanayoyaandika. Mama yangu ameiona.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba joho jipya tu, lililo sawa na sampuli. Sasa silitaki joho lenu. Nataka shilingi 38,000 zangu zote, kwa njia ileile zilizotumwa, si vocha, si punguzo. Picha iondolewe leo hii unapoisoma barua, kwenye ukurasa na kwenye simu ya msimamizi, na muandike mahali palepale ilipokuwa kwamba iliwekwa bila idhini yangu. Na msimamizi aje kuniomba radhi yeye mwenyewe, akiwa na mtu mzima wa kwao, nyumbani kwetu, mbele ya mama yangu. Radhi ya barua pepe sitaipokea.

Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinanipa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na cha 28 kinalinda heshima yangu. Uso wangu na nywele zangu mmezitumia kutangaza biashara bila ruhusa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazungumzia mambo kama hayo. Malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data nimeshayaandika, bado kuyatuma. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Yangu hayajafika huko, lakini kila siku picha ile inayokaa mtandaoni nayaongeza. Na mkwaruzo wa paji nimeupiga picha mimi mwenyewe siku ileile, pamoja na tarehe, kama mtapenda tuzungumze pia na kituo cha polisi. Yule baba wa suti za harusi amenipa namba yake. Alikuwa hacheki.

Nawapa hadi Ijumaa, saa kumi jioni. Joho, jambia, plastiki mlizoziita makubadhi, kofia ya tausi na ile tarumbeta nimevifunga kwenye mfuko wenu wenyewe, viko kwa mlinzi wa mtaa wetu. Tumeni mtu avichukue. Asiwe msimamizi, yeye njia yake ni ile niliyoieleza hapo juu.

Wenu,

Mteja, oda ya joho la damaski
(jina na namba ya simu viko kwenye risiti)