Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Malipo ya mtaalamu yasifungwe kwenye leseni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, Jamhuri ya Kenya.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili cheo chako. Mimi ni mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, nimesajiliwa, na kazi yangu kubwa naifanyia huku Pwani. Wenye miradi mikubwa hutuajiri tuwaandalie ripoti ambazo lazima zipatikane kabla NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, haijatoa leseni. Malalamiko haya nilishayaandika kwa barua za kawaida na kuyapeleka panapohusika. Niliambiwa yamepokelewa, kisha kimya. Ndiyo maana leo nakuandikia hadharani.

Wiki iliyopita nilisoma gazetini tangazo la kuwaalika wananchi watoe maoni kuhusu ripoti ya mradi wa machimbo na kiwanda. Mradi huo naujua, kwa sababu ripoti yake ya kwanza niliiandika mimi. Niliitafuta hii mpya nikaisoma mpaka kiambatisho cha mwisho. Picha za baraza, yaani mkutano wetu na wananchi, ni zile nilizopiga mimi nje ya ofisi ya chifu. Karatasi za mahudhurio ni zile zile: majina, nambari za vitambulisho, sahihi, na kwa wasiojua kuandika, alama za vidole gumba kwa wino wa zambarau. Kilichobadilika ni maandishi ya juu. Mimi niliandika "Waliohudhuria". Sasa pameandikwa "Wakazi wanaounga mkono mradi".

Mheshimiwa, watu wale hawakuunga mkono chochote siku ile. Walikuja kuuliza. Mama mmoja mzee alisimama akauliza hivi: mkianza kuvuta maji, kisima chetu kitabaki na maji tamu? Akajibiwa kwamba jibu atalikuta kwenye ripoti.

Hakuna swali lililokuwa na uzito kuliko hilo. Sehemu nyingi za mwambao huu maji tamu ya ardhini yamekaa juu ya maji ya chumvi, ndani ya mawe ya matumbawe. Ukivuta kwa pampu kubwa kupita kiasi, chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi huenda ikachukua miaka mingi kurudi, kama kitarudi. Nilipima visima vya pale. Nikaandika kwamba maji ambayo mradi unataka kuvuta ni mengi mno kwa eneo lile, nikapendekeza kitafutwe chanzo kingine. Na swali la yule mama nililiandika kama alivyolitamka.

Mteja akaniita. Hakunipigia kelele. Alisema sehemu ya maji ni ndefu na inatia watu hofu, ifupishwe. Kisha akafungua mkataba akanionyesha kipengele kisemacho kwamba nusu ya malipo yangu itatolewa leseni ikishatoka. Nilikataa kufuta. Kazi ikapewa mwingine, na salio langu limezuiwa hadi leo. Maabara iliyopima maji inanidai. Vijana walionisaidia kuzunguka nyumba kwa nyumba kwenye jua lile wananipigia simu, nami sina cha kuwaambia. Watoto wangu wamerudishwa nyumbani kwa karo. Na ile ripoti mpya haina swali la mama wala vipimo vya visima. Kuhusu maji ina sentensi moja tu, kwamba yaliyopo yanatosha.

Hapo ndipo penye ugonjwa, Mheshimiwa. Sheria inamtwika mwenye mradi gharama za tathmini, na hilo halina ubaya, anayetaka kujenga alipe. Lakini yeye ndiye anayemchagua mtaalamu, yeye ndiye anayemlipa, na kwa kipengele hiki analipia leseni badala ya kulipia kazi. Nimekiona katika mikataba mingi. Nadhani chanzo chake ni mabenki na wafadhili, maana huwawekea wenye miradi tarehe, nao haraka ile wanatusukumia sisi. Sina hakika kama sababu ni hiyo peke yake. Ninachojua ni kwamba mtu ambaye nusu ya mshahara wake inangoja mhuri hawezi kuulizwa kwa haki kama mhuri upigwe au usipigwe.

Mtu asiseme kwamba sheria ni dhaifu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaitaka Serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyalinda. Kanuni za tathmini za mwaka 2003, kanuni ya 17, zinataka mabango, matangazo ya gazeti na redio, na mikutano ya hadhara isiyopungua 3. Sheria ya mazingira ya 1999 inamhesabu kuwa mhalifu anayeandika uongo katika ripoti kwa makusudi.

Tuliona Lamu. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ilitolewa mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya leseni kama hizi, likaifuta, na sababu kubwa ilikuwa hii hii ya wananchi kutoshirikishwa ipasavyo: mikutano iliyotajwa ilifanyika kabla ya utafiti, kwa hiyo watu hawakupata nafasi ya kuyajadili matokeo yake. Mtambo haukujengwa. Tazama na Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Pesa hizo hazimtoi mtoto risasi kwenye damu.

Basi ripoti ya uongo haimfai hata mwenye mradi. Anapata leseni leo, kesho yuko mahakamani. Lakini wanaotangulia kuumia ni wale walioweka vidole gumba kwenye karatasi wakidhani wanaandikisha kufika kwao.

Ninachoomba ni hiki. Pesa za tathmini ziwekwe kwenye akaunti ambayo mwenye mradi hawezi kuishika, mtaalamu alipwe anapowasilisha ripoti, iwe inaupendelea mradi au inaukataa. Ripoti isomwe tena kwa wananchi, kwa Kiswahili, pale pale walipohojiwa, kabla haijapelekwa popote. Karatasi ya mahudhurio isikubaliwe kamwe kuwa ushahidi wa ridhaa. Ukiona yote hayo yanahitaji muda na vikao, basi fanya hili moja ambalo kanuni fupi inatosha: piga marufuku mkataba wowote unaofunga malipo ya mtaalamu kwenye kutoka kwa leseni. Narudia, Mheshimiwa, hilo moja. Wenzangu wengi wanajua kazi na wanataka kuifanya kwa haki, ila wana kodi ya nyumba na wana watoto kama mimi.

Na kuhusu ile ripoti ya machimbo, muda wa maoni bado haujaisha. Nakuomba utume watu wakapime visima kabla uamuzi haujafanywa, na wamtafute yule mama wamuulize kama aliunga mkono. Vipimo vyangu vya awali ninavyo, pamoja na nakala za karatasi za mahudhurio zikiwa na kichwa chake cha kwanza. Nitavikabidhi kwa yeyote utakayemtuma, bila malipo.

Wako mtiifu,
Mtaalamu aliyesajiliwa wa tathmini ya mazingira,
Pwani ya Kenya