Saa mbovu na kumbukumbu: barua kwa Mwanaidi

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, ila mvua tu ndiyo imetushika. Ujumbe wako nimeupata. Unasema ukiwa naiti unasoma faili la mgonjwa, unalifunga, na kabla hujafika kitandani kwake jina limeshakutoka. Na kinachokuudhi ni kwamba mchana unalala, tena unalala hasa. Shemeji anasema ni uzee. Mwache aseme.

Nimekumbuka kazi ya Norman Ruby na Craig Heller, waliyoifanya Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Wao walitumia hamsta wa Siberia, kijinyama cha jamii ya panya kinachoenea kiganjani. Ukimmulika taa usiku kwa wakati maalumu, kisha ukaisogeza ratiba yake ya mwanga na giza kwa saa chache, saa ya mwili wake inaweza kupoteza mdundo kabisa. Kisu hakijamgusa, dawa hajapewa. Anakula, anakimbia, analala, ila mchana na usiku kwake ni mamoja. Jumla ya usingizi wake ni ileile, isipokuwa umetawanyika hovyo.

Mwaka 2008 walieleza kilichotokea walipowapima kumbukumbu. Hamsta anaingizwa kwenye boksi lenye vitu viwili vinavyofanana, anavinusanusa, anatolewa. Baadaye anarudishwa, na kitu kimoja kimebadilishwa. Hamsta mzima anakwenda moja kwa moja kwenye kile kigeni, maana kile kingine anakijua. Yule aliyepoteza mdundo anavinusa vyote viwili sawasawa, kana kwamba hajawahi kufika pale. Usingizi amepata, kumbukumbu hana.

Basi tatizo liko wapi? Saa yenyewe, kwa binadamu, ni kikundi cha maelfu ya seli ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Nyingi kati yake hutoa kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine. Saa isiyovurugika hutuliza kwa zamu: kuna wakati inabana, kuna wakati inaachia. Ruby na wenzake walishuku kwamba saa iliyopoteza mdundo haiachii, inabana tu mfululizo, hata sehemu zinazohifadhi kumbukumbu zikose nafasi ya kufanya kazi. Wakawapa hamsta wale dawa ya kuzuia GABA, na kumbukumbu ikarudi. (Usiitafute famasi, tafadhali. Dawa hiyo ikizidi huleta degedege.)

Lakini jaribio ninalolipenda mimi ni la 2014. Waliwachukua hamsta waliokwisha kupoteza mdundo na kumbukumbu, wakaiharibu kabisa ile saa. Ungedhani wamewamaliza. Kumbe kumbukumbu ikarudi! Yaani kukosa saa kabisa kulikuwa afadhali kuliko kuwa na saa iliyovurugika. Mimi nafundisha baiolojia miaka yote hii, na bado jambo hilo linanishangaza.

Sasa usije ukamwambia metroni kwamba ubongo wako umekuwa wa hamsta. Saa yako wewe haijasimama. Kwa wafanyakazi wengi wa usiku saa ya mwili hubaki imeshikilia mchana, hasa kwa sababu asubuhi mkitoka zamu jua linawapiga usoni njia nzima hadi nyumbani. Wewe unakwenda kulala, yenyewe inakuambia kumekucha. Kwa hiyo hata usingizi huo unaousifu, nina wasiwasi nao: wa mchana mara nyingi huwa mfupi na wa kukatikakatika, na mwenye kulala ndiye wa mwisho kujua. Pazia zito na miwani ya jua njiani vinaweza kusaidia kidogo. Ila jina la mgonjwa liandike, usikitegemee kichwa saa kumi za usiku. Hapo hata mwenye akili ya shule nzima huteleza.

Niambie, zamu zenu zinabadilika kila wiki, au mnakaa naiti mwezi mzima? Nauliza kwa sababu saa ya mwili husogea polepole, na ratiba inayorukaruka haiipi nafasi ya kuzoea lolote. Kama mna mtu wa kuzungumza naye kuhusu ratiba, anzeni na hilo.

Wasalimie watoto, na shemeji pia, pamoja na uzee wake.

Wako,
Zuhura