Kutulia kwa mwanetu kunanitia hofu

Dada yangu, shikamoo.

Nakuandikia hapa hadharani, bila kutaja majina, kwa sababu najua akina mama wengine wako pale ulipo. Uliniambia mwanetu siku hizi ametulia: hapandi madirisha, hakimbii sebuleni, akitoka shule anaingia chumbani na kulala. Mmefurahi, na baada ya miaka yote ya kuitwa shuleni nani asingefurahi? Lakini mimi kutulia huko kunanitia hofu kuliko utundu wake wote.

ADHD, ile hali yake ya kushindwa kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja, haiondoki ghafla namna hiyo. Kurukaruka huweza kupungua mtoto anavyokua, ila taratibu, kwa miaka, na hamu ya anachokipenda hubaki palepale. Huyu ni mtoto ambaye akikosa mpira alikuwa anaviringisha soksi. Likizo hii wenzake walimwita getini, akajibu "sijisikii", akageukia ukutani. Nikafungua daftari lake la hesabu. Amefuta na kufuta hadi karatasi imetoboka, na pembeni ameandika kwa penseli, herufi ndogo sana: mimi mjinga.

Watoto wenye ADHD hupata sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, zaidi ya wenzao, na mimi niliyezoea darasa sishangai. Tangu asubuhi anasikia kaa chini, umesahau tena, mbona mdogo wako anaweza. Maneno hayo huingia. Na sonona ya mtoto mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira za kitu kidogo, tumbo linalouma kila siku ya shule, usingizi kuzidi au kukata, chakula kubaki sahanini. Hali hiyo ikifika wiki mbili karibu kila siku, ni ya kupelekwa hospitali.

Mwendee daktari wake kwanza. Mwambie hali inaanza saa ngapi na kama ilibadilika alipoanza dawa, maana methylphenidate, dawa yake ya ADHD, huweza kupunguza hamu ya kula, na wapo watoto inaowafanya wapooze au wawe wakali inapoisha mwilini jioni. Msimwachishe wala kumpunguzia wenyewe. Daktari ndiye atakayepambanua dawa na sonona, na kama lazima awape rufaa. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Huenda akaanza na mazungumzo na mtaalamu. Akiandikiwa dawa ya sonona, muwe naye macho sana wiki za mwanzo, na badiliko lolote daktari alijue.

Sasa lililo gumu. Muulize kama huwa anatamani kufa au kujiumiza. Muulize wazi, mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humwonyesha kuwa yupo mtu wa kulisikia. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa zote na sumu ya panya zifungiwe, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, hupigwa bure.

Mama atasema ni jini. Usibishane naye: dua isomwe, na kliniki mwende. Shemeji naye mwombe, kwa heshima zake, fimbo aiweke kando kabisa. Mtoto anayejiita mjinga hahitaji mtu mzima wa kuthibitisha hilo. Akae naye jioni kidogo kwenye kitu anachokichagua mtoto mwenyewe, bila kumkagua madaftari. Ukimtuma, mtume jambo moja, likiisha ndipo la pili. Akilifanya, mwambie umeliona.

Na mwalimu wake ajue. Nitamwandikia mimi ukiniruhusu. Walimu kwa walimu tunasikilizana.

Jumapili nakuja kulala kwako ili Jumatatu nibaki na wadogo zake. Wewe na shemeji mwende naye wote wawili, na lile daftari mlibebe.

Mdogo wako.