Kabla ya kuweka spesa mbele, pima magurudumu yakining'inia

Mhariri,

Kupandisha kidogo mbele ya gari la zamani ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye vifaa, na kwa sababu inaonekana nyepesi, hufanywa ovyo. Mwenye gari amechoka kukwaruza tumbo la gari kwenye matuta, ananunua spesa mbili (vipande vya kuinulia gari, vinavyowekwa juu ya shokapu), anafungiwa, anaondoka. Baada ya miezi michache tairi zimelika upande mmoja, jointi ya CV (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele) inalia kila akikata kona, na lawama zote zinaiangukia spesa. Mara nyingi hakuna aliyepima chochote kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

Ninazungumzia hasa magari madogo ambayo shokapu na springi zimefungwa pamoja kama mguu mmoja. Mfumo huo huitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na Ford waliuweka kwenye magari yao ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele bado yanautumia.

Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi (bati linalofunika gurudumu) ulio juu yake. Ukipima kutoka ardhini utadanganyika, maana upepo na ukubwa wa tairi vinaingia kwenye hesabu. Chukua kipimo gari likiwa limesimama sakafuni, kisha likiwa juu ya stendi, magurudumu yakining'inia. Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 10, shuku springi. Angalia pete ya chini kabisa, pale matope yanapokaa na kutu inapokula. Mara nyingi ncha imekatika na hakuna anayejua. Gari la namna hiyo linataka springi mpya mbili, na likishazipata huenda likarudi kwenye kimo chake cha zamani na hamu ya kulipandisha ikaisha.

Vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyoonyesha jambo ambalo mafundi wengi hulichanganya. Tuseme likiwa chini kipimo ni milimita 360, na likining'inia ni 440. Gurudumu lina milimita 80 za kushuka. Ukiweka spesa ya milimita 25 juu ya maunti (kishikio cha juu cha shokapu), kati ya maunti na bodi, likiwa chini utapata karibu 385 na likining'inia karibu 465. Mguu wote umesogezwa chini, kwa hiyo gurudumu sasa linafika mahali ambapo kiwanda hakikukusudia lifike, na draivu shafti, inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, inalifuata huko. Ukipata kimo hicho hicho kwa springi ndefu, likiwa chini ni 385 lakini likining'inia linabaki 440, kwa sababu shokapu ndiyo inayolizuia. Shafti iko salama, ila nafasi ya kushuka imebaki milimita 55 tu. Springi ikizidi urefu, shokapu hufika mwisho wake kila ukitoka kwenye tuta, na utasikia mlio mkavu kama wa nyundo.

Kuna la pili. Spesa ya juu ya maunti haiongezi hata milimita moja ya kubonyea ndani ya shokapu. Springi iliyochoka ambayo ilikuwa inagonga raba ya kizuio itaendelea kuigonga vilevile, gari likiwa refu zaidi.

Kwa mfumo huu nisingevuka milimita 25, au 30 kwa gari ambalo shafti zake zilikuwa karibu kulala usawa tangu mwanzo. Anayetaka 50 ajue kwamba atalazimika kushusha na fremu ndogo inayobeba injini na amu za chini (vyuma vinavyoshika gurudumu kwa chini), na hiyo si kazi ndogo tena.

Spesa iwe ya aluminiamu au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa umbo la maunti ya gari hilo. Washa zilizopangwa juu ya kila bolti hazifai kabisa. Uzito wa gari unaukalia mduara wote wa maunti. Ukiweka washa, unavikalia vidonge vitatu, bati la bodi linapasuka taratibu kuzunguka matundu, na bolti zinapinda kwa sababu hakuna kinachozishika pembeni. Raba zinazosokomezwa katikati ya pete za springi nazo ziachwe. Pete iliyozuiwa haifanyi kazi, mzigo unahamia kwa zilizobaki, na springi huja kukatika hapo hapo raba ilipoishia.

Kufungua si kugumu. Legeza nati za tairi gari likiwa chini, inua, weka stendi, toa tairi. Chora alama kwa rangi mahali bolti mbili kubwa zinaposhikia mguu wa shokapu, ili urudishe karibu na pale pale. Toa linki ya stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande), toa paipu ya breki na waya wa ABS kwenye vibanio vyake. Kabla ya kuchomoa bolti hizo mbili, funga kitovu kwa waya au kiegemeze juu ya jeki. Kikianguka nje, paipu ya breki inabeba uzito wote na jointi ya ndani ya shafti inaweza kuchomoka. Juu, chini ya boneti, fungua zile nati ndogo tatu za pembeni peke yake. Nati ya katikati usiiguse: ndiyo inayoishikilia springi iliyobanwa, na ikifunguliwa bila kibanio cha springi inaweza kuua mtu.

Ukiweka spesa, bolti za zamani za maunti zikiwa fupi, zigonge zitoke na uweke ndefu. Baada ya kukaza, uzi utokeze juu ya nati angalau mizunguko miwili au mitatu. Bolti za milimita 8 hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 30 tu. Fundi anayezivuta kwa mkono wote huzikata shingo. Zile kubwa za chini fuata kitabu cha gari.

Magurudumu yakiwa bado yananing'inia, weka gia huru na uzungushe kila gurudumu kwa mkono, steringi ikiwa imenyooka, kisha ikiwa imekatwa hadi mwisho pande zote mbili. Ukihisi kukwama au kugonga, shafti imepinda kupita uwezo wake, spesa ipunguzwe. Hapo hapo angalia paipu ya breki isivutike, na stabilaiza isiguse shafti. Ikigusa, au linki zikiwa zimelala vibaya, weka linki ndefu zaidi.

Hatua inayorukwa kuliko zote ni bushi za amu ya chini. Raba ya bushi imegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani, na bolti ndiyo inayolibana bomba hilo lisizunguke. Ukishapandisha gari bila kulegeza bolti hizo, raba inaishi imesokotwa muda wote, na gari likibonyea au kushuka inasokotwa zaidi mpaka ichanike. Legeza bolti za amu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache, libonyeze mara kadhaa, ndipo uzikaze uzito ukiwa juu ya magurudumu. Shimo la gereji au miinuko miwili imara ya kupandishia magurudumu inatosha.

Halafu alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu), siku hiyo hiyo. Amu ikielekea chini huvuta sehemu ya chini ya gurudumu ndani, kwa hiyo kichwa cha tairi hulala nje kidogo. Bolti yenye umbo la yai, inayowekwa badala ya moja ya zile mbili kubwa, hurudisha takriban digrii moja. Tairodi, fimbo za steringi zinazogeuza magurudumu, nazo zimebadilika pembe, na magurudumu hayatazami mbele kama zamani. Kosa hilo dogo ndilo linalokula tairi haraka.

Kwenye pikapu za zamani zenye toshoni baa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi) hakuna spesa: inazungushwa bolti ya kurekebishia, gari likiwa limeinuliwa, sawasawa pande zote. Watu husema chuma kimekuwa kigumu. Ugumu wake ni ule ule. Kinachogonga ni amu ya juu iliyosogezwa mno karibu na raba yake ya kushukia. Iachie milimita 20 au zaidi.

Taa zishushwe, maana pua ya gari imeinuka na mwanga unaingia machoni mwa wanaokuja. Na baada ya kilomita 100 hivi, nati zote zilizoguswa zipitiwe tena kwa spana.

Msomaji wako,
Fundi wa magari